Kinga ya motere: breki kwanza, motere baadaye

UKURASA WA USALAMA NA AFYA

Mfanyakazi mwenzangu,

Kama unakaa Kingi ama kandokando yake, sauti ile umekwisha kuisikia. Saa kumi na moja ya asubuhi, ukungu ungali umelala juu ya malisho ya ng'ombe, na kutoka upande wa mteremko unakuja mlio mwembamba, mkali, kama wa nyuki aliyefungwa ndani ya kopo. Siyo pikipiki. Ni kinga, baiskeli ile ile ya jana, ambayo mwenyewe ameifungia motere ndogo katikati ya fremu. Watoto wanaikimbilia nyuma. Mwenyewe anacheka. Na wewe unayekwenda kwa mguu, chakula chako mkononi, unasema moyoni: mwezi ujao, siku ya mshahara, na mimi.

Leo nataka kusema nawe juu ya mwezi huo ujao. Sitakuambia uache. Nitakuambia uanzie wapi, na uanzie kwa nani.

SIYO MCHEZO WA WATOTO

Wako wakubwa wanaoicheka kinga ya motere. Wanasema ni mchezo wa vijana. Mimi sikubali. Mtu anayeamka usiku kupanda milima ya Masisi kwa mguu, akafanya kazi ya kutwa, kisha akarudi kwa mguu, hachezi anapotafuta namna ya kupunguza safari. Mwili uliochoka ni hatari ndani ya kazi. Sisi wa ukurasa huu tunalijua neno hilo kuliko wote, kwa sababu kila mwaka tunaandika kwamba usingizi na uchovu ni ndugu wa ajali.

Tena pikipiki ni ghali. Bei yake ni mishahara ya miezi mingi, na esanse inayokunywa si kidogo. Motere ndogo ya kufungia kinga inakuja ndani ya sanduku moja: motere yenyewe, tangi, kabureta, mnyororo, gurudumu la meno, waya na nati. Kinga unayo tayari. Kwa hiyo hesabu ya mfuko inakubali.

Wala jambo hili si geni duniani. Baada ya vita kuu ya pili, watu wa Ulaya waliokuwa hawana fedha ya gari walifanya vivyo hivyo. Wafaransa walikuwa na VéloSoleX, kinga yenye motere ndogo juu ya gurudumu la mbele. Iliuzwa tangu 1946 mpaka 1988, na zaidi ya milioni 7 zilitengenezwa. Wafanyakazi wa viwanda, wapadri na waalimu waliipanda. Lakini ukiitazama vizuri utaona tofauti na hii yako: VéloSoleX ilitoka kiwandani ikiwa kitu kimoja. Fremu, gurudumu, breki na motere vilifikiriwa pamoja, na mwendo wake ulikuwa kama kilomita 30 kwa saa. Kinga yako ilifikiriwa na mtu mmoja, kwa nguvu ya miguu. Motere yako ilifikiriwa na mtu mwingine, katika nchi nyingine. Wawili hao hawakukutana kamwe. Mahali pa kukutana kwao ni penye fundi wako, na kama huna fundi, hakuna mahali pa kukutana.

MWALIMU WETU CHUKUDU

Kabla ya kutafuta mwalimu mbali, tumtazame aliye hapa karibu. Chukudu imezaliwa kwetu, Kivu ya Kaskazini. Inachongwa kwa mti, mara nyingi mkaratusi, na magurudumu yake ya mti yanavikwa mpira wa tairi ya gari iliyochakaa. Haina motere, haina mnyororo, haina kanyagio. Mwendeshaji anapiga goti moja juu ya ubao, mguu wa pili unasukuma, na kwenye mteremko anajiachia na mzigo wa mamia ya kilo: viazi, makaa, mbao, ndizi. Goma wameijengea chukudu sanamu yake, na inastahili.

Sasa nenda ukamtazame mchonga chukudu akiwa kazini. Haulizi chombo chake kitakimbia namna gani. Mteremko utakikimbiza wenyewe. Anauliza kitasimama namna gani. Ndiyo maana nyuma anaweka kile kipande cha mpira ambacho mwendeshaji anakikanyaga mpaka kinagusa gurudumu. Ni breki maskini, lakini imewekwa kabla ya safari ya kwanza. Hakuna chukudu inayoteremshwa mlima kwanza, ndipo breki yake itafutwe baadaye.

Sisi tunaojenga kinga ya motere tunafanya kinyume. Tunanunua motere, tunaifunga, tunaiwasha, tunafurahi. Breki tunaikumbuka siku ng'ombe wanapovuka barabara.

HESABU YA MWENDO

Chukua kalamu, tufanye hesabu ndogo.

Kinga ya miguu kwenye barabara sawa inakwenda kama kilomita 15 kwa saa. Ukiifungia motere, inaweza kufika 40. Utasema mwendo umeongezeka chini ya mara tatu. Lakini nguvu ambayo breki zinapaswa kuimeza haiongezeki kama mwendo. Mwendo ukiwa mara mbili, nguvu ni mara nne. Toka 15 mpaka 40, nguvu inakuwa mara 7. Kwa mikono ile ile na mipira ile ile ya breki, unahitaji urefu wa barabara mara 7 ili usimame.

Ongeza wakati wa kushtuka. Jicho linaona, kichwa kinafikiri, mkono unakamata: sekunde moja inapita. Kwa kilomita 15, sekunde moja ni mita 4. Kwa kilomita 40 ni mita 11. Mita 11 umekwisha kuzipita, na breki hujaigusa bado.

Wewe mtu wa mashimo utanielewa upesi zaidi nikikuambia hivi. Mwili unaogonga kitu kigumu kwa mwendo wa kilomita 15 unagonga kama ulioanguka toka urefu usiofika mita 1. Kwa mwendo wa kilomita 40 unagonga kama ulioanguka ndani ya shimo la mita 6. Kazini, pahali pa mita 6, tunakufunga kamba na mkanda. Barabarani unapanda umevaa kandambili.

Usisahau mvua. Kinga nyingi za kwetu zina janti za chuma na breki za mpira unaokamata janti. Janti ya chuma ikilowa, breki hizo zinapoteza sehemu kubwa ya nguvu yake. Zile kinga kubwa za zamani zenye breki za fimbo ni mbaya zaidi kwa kazi hii. Na mvua za Masisi hazihitaji kutangazwa.

MAHALI INAPOVUNJIKA

Motere ndogo yenyewe haiui mtu. Wanaoua ni wale inaokaa nao. Nitakutajia wanne, uwajue kwa majina.

Wa kwanza ni gurudumu la nyuma. Katika sanduku utakuta gurudumu la meno, mara nyingi la meno 44, linalofungwa juu ya spoki kwa nati 9, na vipande vya mpira vikikaa katikati. Maana yake nguvu yote ya motere inapitia katika spoki, vyuma vyembamba vilivyotengenezwa kubeba uzito tu. Nati zikikazwa ovyo, gurudumu la meno linakaa upande. Mnyororo unakuwa mara unakaza, mara unalegea. Spoki moja inakatika, kesho mbili, na kesho kutwa gurudumu linapinda ukiwa juu yake.

Wa pili ni kile kigurudumu kidogo cha kukaza mnyororo. Kinafungwa juu ya bomba la fremu kwa skurubu mbili tu. Motere inatikisika, skurubu zinalegea, chuma kinazunguka polepole na kuingia ndani ya spoki. Gurudumu la nyuma linafunga papo hapo. Hakupigi simu kwanza.

Wa tatu ni mafuta. Motere hizi nyingi ni za mipigo miwili: oili inachanganywa ndani ya esanse. Motere mpya wengi huipa mililita 60 za oili kwa lita 1, na ikishazoea, kama mililita 40. Soma karatasi iliyokuja na yako, uifuate. Ukinunua esanse kwa Kadhafi wa kando ya barabara, ukaimimina bila oili, pistoni itapata joto na kukwama. Motere ikikwama ukiwa unakimbia, gurudumu la nyuma linafunga vilevile. Dawa yake ni kukamata klachi mara moja; kwa hiyo mkono wa kushoto usilale.

Wa nne ni nyumba yako mwenyewe. Chupa ya esanse chini ya kitanda, mbabula ya makaa jikoni, watoto katikati. Na motere inayowashwa ndani ya nyumba iliyofungwa inatoa hewa ile ile ya sumu tunayoiogopa ndani ya mashimo, isiyo na rangi wala harufu. Motere iwashwe nje. Esanse ikae nje, ndani ya chombo chake, mahali pa kufungwa.

TAFUTA FUNDI ANAYEJUA KUSEMA HAPANA

Sasa tufike penye neno lenyewe. Hatari zote hizo zina dawa moja, na dawa hiyo haiuzwi ndani ya sanduku. Ni fundi.

Niruhusu niseme yaliyonipata. Kinga yangu ya kwanza ya motere niliipeleka kwa mafundi watatu. Wa kwanza alicheka, akaita rafiki zake waje nao wacheke. Wa pili alisema, «Leta fedha, saa mbili itakuwa tayari.» Hakuitazama hata kinga. Wa tatu alikuwa kijana, duka lake paa moja la bati na jiti lenye misumari ya kutundikia magurudumu. Aliinua kinga, akazungusha gurudumu la nyuma, akalikazia jicho. Akakamata breki ya mbele, akaisukuma kinga, nayo ikaendelea kwenda. Kisha akasema: «Mzee, gurudumu hili ni la kubeba ndizi. Motere sitaifunga leo. Leta spoki nene na waya mpya za breki, ndipo tuzungumze.»

Nilikasirika. Mtoto mdogo ananikatalia kazi, na fedha ninayo mkononi! Nilirudi nyumbani nikaifunga motere mwenyewe usiku, kijana wangu akinishikia tochi. Ilikwenda vizuri siku 11. Siku ya 12, nikiwa ninapanda kilima, kile kigurudumu cha kukaza mnyororo kiliingia ndani ya spoki. Nilivunjika mfupa wa bega. Namshukuru Mungu kwamba nilikuwa ninapanda. Ingekuwa ni kuteremka, mwingine angekuwa anaandika ukurasa huu.

Juma la saba nilirudi kwa kijana yule. Hakucheka. Alikichomoa kile chuma kilichopinda, akakitundika kwenye msumari juu ya meza yake, kisha akauliza: «Spoki umeleta?» Chuma kile kingali pale. Kila anayekuja na sanduku la motere anaonyeshwa.

Nimejifunza hivi: fundi anayekubali kila kitu hajali kama utarudi. Fundi anayekukatalia anafikiri juu ya kesho yako. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na ukuu wa fundi si miaka yake. Ni macho yake.

Utamjua namna gani fundi wa kukufaa? Mambo haya yatakuonyesha. Anagusa breki kabla ya kugusa motere. Anazungusha magurudumu na kuyatazama kwa upande. Anakuuliza unakaa wapi na unapita njia gani, kwa sababu kinga ya mtu wa Sake, kando ya ziwa, si kinga ya mtu wa mlimani. Anakuambia urudi baada ya siku chache akaze nati zote tena, na safari hiyo hakutozi sana. Hakuoni mjinga kwa kuuliza.

Na wewe nawe uwe mteja wa kumfaa. Mafundi wengi wanakataa kinga za motere kwa sababu tumewafundisha kukataa. Tunawaletea kinga usiku. Tunaficha kwamba ina motere, tunasema ni kubadilisha mpira tu. Ikivunjika tunawasingizia mbele ya watu. Tunalipa nusu, nusu nyingine tunaahidi siku ya mshahara, na siku hiyo tunapita njia nyingine. Halafu tunasema hakuna mafundi wazuri! Mpelekee kazi mchana. Mweleze yote. Mlipe siku ile ile. Mkipatana, usimkimbie kwa sababu mwingine ni rahisi kwa franka kidogo. Hata kwado, yule wa kuziba matundu ya mpira njia panda, usimdharau. Ndiye anayeona magurudumu yako mara nyingi kuliko mtu yeyote. Mwambie akiona spoki imelegea akuambie, na siku anapokuambia, mshukuru kwa mkono, si kwa mdomo tu.

Wenzetu wa nchi nyingine wamekwisha kuona kwamba kinga bila fundi ni chuma tu. Shirika la World Bicycle Relief, lililoanzishwa mwaka 2005, linapeleka kinga ngumu zinazoitwa Buffalo katika nchi kama Zambia, Malawi na Kenya. Lakini halikuishia kuzigawa kinga. Linafundisha mafundi wa vijijini na kushughulika na vipuri vyao.

Na mfano wa upande wa pili tunao vilevile. Bodaboda ilianza kwa kinga za miguu, pale Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda. Baadaye zikaja pikipiki. Kenya ilipoondoa kodi ya pikipiki ndogo mwaka 2008, ziliingia kwa wingi kuliko mafundi, kuliko mafunzo, kuliko kofia. Vijana wengi walipata kazi, na hilo ni jema. Lakini hospitali nazo zilipata kazi. Kule Kampala, hospitali ya Mulago inawajua sana majeruhi wa bodaboda. Chombo kilifika kwanza, uangalizi ukafuata nyuma ukichechemea.

NENO KWA WAKUBWA WETU

Sasa niseme na wale wenye funguo za lango, kwa heshima.

Wako wanaotaka kinga za motere zikatazwe kabisa kukaribia mahali pa kazi. Ninafahamu wanachokiogopa. Lakini ukikataza langoni, kinga haitoweki. Inafichwa vichakani, mita 200 kabla ya lango. Mwenyewe anaingia kwa mguu kama mtu mwema, jioni anaitoa na kuteremka nayo gizani. Kinga hiyo hakuna mtu wa usalama aliyewahi kuitazama, wala hatakuwako. Ndani ya kazi tunajua sana kwamba chombo kibovu kinachofichwa kina hatari kuliko chombo kibovu kinachoonekana. Kwa nini tusahau hilo tukifika barabarani?

Tena sheria yenyewe inaitazama njia. Sheria namba 16/009 ya tarehe 15 Julai 2016 juu ya hifadhi ya jamii inahesabu ajali ya njiani, kati ya nyumba na kazi, kuwa ni ajali ya kazi. Basi ule mteremko wa saa kumi na moja ya asubuhi si jambo la mfanyakazi peke yake.

Mimi naona hivi. Siku moja kila mwezi, kabla ya zamu, kinga zote za motere ziletwe mbele ya karakana. Asiadhibiwe mtu. Fundi wetu wa karakana akae pamoja na fundi wa kinga wa kijijini, watazame pamoja breki, spoki, nati na mnyororo. Iliyo nzuri ipate alama ya rangi. Iliyo mbaya mwenyewe aambiwe kinachokosekana, arudi nayo mwezi ujao, na mpaka hapo aisukume kwa mkono. Fundi wa kijijini alipwe siku yake, na aazimwe funguo nzuri za kukazia, kwa maana wengi wao wanakaza nati kwa koleo lililochakaa. Gharama yake ni ndogo. Mguu mmoja uliovunjika unagharimu zaidi, bila kuhesabu machozi ya mama wa watoto.

Najua barabara zetu zina mashaka mengine makubwa, ambayo ukurasa huu hauna nguvu ya kuyaondoa. Ndiyo sababu nashikilia yale tunayoyaweza. Nati moja tunaiweza. Waya wa breki tunauweza.

KOFIA YA KAZI SI KOFIA YA BARABARA

Neno hili nalitenga peke yake kwa sababu kosa hili naliona kila siku. Unapanda kinga ya motere ukiwa na kofia ngumu ya kazi kichwani, ukadhani umejilinda. Kofia ile imetengenezwa kwa jiwe linaloanguka toka juu. Ukianguka kwa upande, inaruka kabla kichwa hakijafika chini. Haina kamba ya kuikaza vizuri kidevuni, wala kitu kinene cha kulainisha pigo upande wa sikio.

Kofia ya pikipiki ni kitu kingine. Waganga waliokusanya uchunguzi wa nchi nyingi waliandika mwaka 2008 kwamba kofia hiyo inapunguza hatari ya kufa kwa kiasi cha 42 kwa mia, na ya kuumia kichwa kwa 69 kwa mia. Sijui dawa nyingi za dispansari zinazoweza kujisifu hivyo. Kama fedha inatosha kitu kimoja mwezi huu, kofia ama motere, nunua kofia. Motere itakungoja. Fuvu la kichwa halina kipuri.

KABLA YA SAFARI YA KWANZA

Kata sehemu hii, uibandike mahali unapoweka kinga yako.

1. Breki mbili, ya mbele na ya nyuma, zenye waya mpya na mipira mipya. Sukuma kinga, kamata moja moja: kila moja peke yake isimamishe gurudumu lake.

2. Spoki za nyuma zote ziwepo, zote zimekaza. Ziguse moja moja. Iliyolegea italia sauti nyingine.

3. Gurudumu la meno likae katikati. Lizungushe na utazame mnyororo: usikaze upande mmoja na kulegea upande mwingine.

4. Kigurudumu cha kukaza mnyororo kifungwe kisiweze kuzunguka kamwe. Fundi akitoboa mahali pa kuweka skurubu ya kukizuia, mshukuru.

5. Kizimio cha motere kiwe karibu na kidole. Jaribu kukiminya mara 10 ukiwa umesimama.

6. Esanse na oili vipimwe kwa kipimo, si kwa jicho.

7. Safari ya kwanza iwe ya mahali tambarare, mchana, bila mzigo, bila mtoto nyuma. Teremko ni la mwisho kujifunza.

8. Baada ya safari hiyo, kaza nati zote. Baada ya juma moja, zote tena. Kisha kila juma.

9. Penye mteremko mkali, punguza mwendo kabla ya kuanza kuteremka, si katikati. Ukisikia breki zinanuka, simama zipoe.

10. Usiku bila taa, usipande. Ukilewa, usipande. Ukiwa umetoka zamu ya usiku na macho yanafumba, sukuma.

Mfanyakazi mwenzangu, mwezi ujao utakapofungua sanduku lako, watoto watakuzunguka, na watakuambia: washa, baba, washa tusikie! Usiwashe. Liache sanduku nyumbani, chukua kinga peke yake, uisukume mpaka kwa fundi. Mwambie: nataka kuifungia hii motere, nitazamie kama inafaa.

Akisema hapana, kaa chini umwulize kwa nini. Umempata uliyekuwa unamtafuta.

Mwenda pole hajikwai. Uende salama, urudi salama.